Shuka Lililolowa Spiriti

Nkoma, Mbale. Jumanne, mvua tangu asubuhi.

Leo nimeokoa mtu, na hakuna anayetaka kukaa nami meza moja.

Mimi si daktari. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha. Lakini kwa kazi ya chumba cha upasuaji hakuna wa kunishinda, kaulize Jinja. Mzee wa Kihindi aliyenifunza kule, kabla Wahindi hawajafukuzwa nchini, alikuwa na sheria moja: mgonjwa akishapakwa spiriti, pitisha mkono chini ya mgongo wake. Pakiwa pamelowa, mashine ya kuchomea mishipa haiwashwi. Cheche moja tu, mtu anaungua usingizini.

Hapa pamba ni haba, basi Sista humimina spiriti kutoka chupani. Leo alimmiminia mama mmoja muuza vitunguu wa Nakaloke, mwenye uvimbe tumboni. Nje afande anapiga honi, Daktari anatakiwa kambi ya jeshi. Mama ameshafunikwa vitambaa safi, Daktari ameshashika mashine, ndipo harufu ikanipiga.

"Daktari, ngoja! Chini kumelowa."

"Wewe profesa wa Jinja, nyamaza."

Nikaingiza mkono.

Mkono mchafu, ndani ya vitambaa safi. Nikavuta shuka, chepechepe. Sista akapiga kelele. Ikabidi vifunguliwe vitambaa vya mgonjwa wa kesho, hatuna vingine. Afande akangojeshwa. Daktari alipomaliza akapanda gari la afande, wakaenda.

Mama ameamka, anaomba chai. Hajui kitu.

Mchana nilipeleka lile shuka nyuma ya jiko niliwashe, wote waone. Kumbe limeshakauka. Shuka tu, kama shuka lolote. Nikarudisha kiberiti mfukoni.

Jioni Daktari karudi mzima, Mungu ashukuriwe. Kanipita verandani bila salamu. Mimi mwenye mdomo huu wote, sina wa kumsimulia. Mzee wangu wa Jinja hata sijui yuko nchi gani. Yeye angenizaba kofi kwanza: "Mjinga, mkono unapita kabla ya kufunika, si baada!"

Ni kweli. Na hili sijamwambia mtu.

Wakati wa kupitisha mkono, bingwa nilikuwa dirishani, naitazama bunduki ya afande.

Vile vitambaa nimevifua mwenyewe, nimevichemsha. Kesho saa tatu kuna mgonjwa wa ngiri. Afande apige honi mpaka achoke, dirishani siendi.