Kilima Kisicho na Watu

Jumatatu, 5 Mei

Zamu ya asubuhi ya basi. Mvua kutoka Porte de Namur hadi mwisho wa safari. Abiria wamenuna, dereva, yaani mimi, kanuna kuliko wote.

Mchana nimempeleka Papa kwa daktari wa macho, mtaa wa Uccle. Presha ya macho imekula karibu kila kitu. Jicho la kushoto basi tena. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari hakuzungukazunguka. Dawa inachelewesha, hairudishi kilichopotea. Huenda ikawa miezi, huenda wiki. Papa alimshukuru, akamuuliza watoto wake hawajambo. Mimi nilikwenda kulia chooni, nikanawa uso, nikatoka.

Njiani kurudi nyumbani Ixelles alisema anataka kitu kimoja. Kuona mlima kabla macho hayajafunga. Picha hataki. Mlima wenyewe.

Wa kwetu, juu ya Ziwa Kivu, haufikiki. Vita. Yeye anajua, mimi najua.

Jumatano, 14 Mei

Wim, dereva mwenzangu, kila likizo huenda Scotland kupanda vilima. Hurudi na malengelenge na uso wa bwana harusi. Miaka yote nimemcheka. Kwetu mtu hupanda kilima kwa sababu nyumba yake iko juu.

Leo sikumcheka. Nilimwomba picha.

Kilima kirefu cha nyasi, mgongo wa mviringo, maji chini yake. Mti hakuna. Kinaitwa Meall Buidhe, yaani kilima cha manjano. Wim anasema viko vingi vyenye jina hilo, hiki chake ndicho cha mbali. Barabara haifiki. Unavuka kwa boti, halafu miguu yako. Anasema huo ndio utamu wenyewe. Anaongea juu yake kama watu wanavyoongea juu ya mama zao.

Papa aliishika simu karibu na pua, akaisogeza kidogo kidogo. Alikawia. Nikadhani haoni kitu.

"Hii njo kwetu," akasema kwa Kiswahili cha kwetu Kivu. "Hii mugongo yake, njo kwetu kabisa."

Kisha akauliza mbona hakuna hata nyumba moja. Nikamwambia picha haionyeshi kila kitu.

Nimekata shauri, tunakwenda. Naogopa.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya misa, mazoezi msituni Soignes. Mkono wake mmoja begani kwangu, mwingine kwenye fimbo. Aliyeanguka ni mimi. Papa alicheka mpaka akaegemea mti. Ana miaka sabini na nne na pumzi anazo. Mimi nimekaa kwenye usukani mno.

Tukirudi alitaka tupite dukani. Kanunua mfuko wa sukari na chupa ya bia, ile nzuri ya watawa. Nikauliza za nani. Za mwenye kilima, eti. Huwezi kukanyaga kilima cha watu mikono mitupu.

Nikamwambia Papa, kule hakuna mtu. Ni nyasi. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mtu. Kilima chenye maji na nyasi kama ile, hakuna watu? Haiwezekani. Nimechoka kubishana. Sukari na bia vimeingia kwenye sanduku, pamoja na soksi.

Jumatano, 28 Mei

Tumefika. Ndege, halafu gari la kukodi, na huku wanaendesha kushoto. Dereva wa basi mzima nimetetemeka kama mwanafunzi. Halafu boti. Papa alikaa mbele, uso kwenye upepo, akanusa.

Nyumba ya wageni ni ndogo, safi, moto unawaka. Mama mwenye nyumba anaitwa Morag. Amempa Papa kiti karibu na moto bila kuuliza.

Kilima kiko nje ya dirisha, anasema. Nje ya dirisha kuna ukungu.

Alhamisi, 29 Mei

Ukungu. Tumetembea kidogo chini bondeni. Sijaona kitu, na mimi macho yangu ni mazima. Nyasi zilizolowa, tope linalovuta kiatu, maji yanaongea kila upande. Kati ya maji na maji, kimya. Sijawahi kusikia kimya kama hiki. Kwetu kilimani hakukuwa na kimya, kulikuwa na mbuzi, redio, mtu anamwita mtu.

Papa alisimama katikati ya njia, akapiga salamu kwa sauti kubwa. Akasubiri. Hakuna aliyeitika.

"Batu beko wapi?" akaniuliza, watu wako wapi.

Niliona aibu, nikaangalia kama kuna anayetuona. Halafu nikaona aibu ya ile aibu.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua. Asubuhi Papa kagonga kikombe kilichokuwa mbele yake kabisa. Hakukiona. Akajifanya ni mkono umeteleza. Nikajifanya nimeamini.

Tunaondoka keshokutwa. Nimesali kwa ukali, bila adabu. Nimemwambia Mungu kwamba simwombi macho, hayo amekwisha kuyakataa. Namwomba aondoe wingu.

Jumamosi, 31 Mei

Limeondoka.

Nilifungua pazia, nikarudi nyuma hatua. Kilikuwa pale muda wote, karibu hivyo, kikubwa hivyo. Manjano kweli, manjano ya nyasi kavu, na kijani kipya kinachipua chini yake. Kivuli cha wingu kinapanda ubavuni polepole. Mimi si mtu wa mandhari. Nilisimama na mswaki mdomoni.

Tulipanda tangu asubuhi, sukari na bia mgongoni kwangu. Taratibu, tukipumzika kila mara. Njia ni alama tu ya kwato za kulungu. Kila ukipanda, nchi inafunguka: mkono wa bahari, kisiwa, nyuma yake kisiwa kingine, vilima nyuma ya vilima hadi rangi inaisha. Nyumba moja haipo. Nguzo ya umeme haipo. Upepo unapita kwenye nyasi na kilima kizima kinatembea. Sasa namwelewa Wim. Kitu kikubwa kiasi hiki hakikutaki chochote, hakijali wewe ni nani wala umetoka wapi, na badala ya kuumia unapumua. Nilikaa kwenye jiwe.

Papa aliona. Nisimulie vizuri, nisije nikasahau. Aligeuza kichwa polepole, kipande kwa kipande, kutoka maji hadi juu, akarudi, akaanza pengine. Anashona kilima chote kutoka vipande anavyopewa na lile tundu. Ilichukua muda mrefu sana. Midomo yake ilikuwa inatembea. Sikumuuliza anasema nini. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana angeyafuta angepoteza mahali alipofika.

Hatukufika kileleni. Begani mwa kilima tu. Sijali.

Tukaanza kushuka jua likiwa limelala upande. Huku jioni haina haraka. Tulipofika chini kidogo ya bega, Papa alisimama ghafla. Akapiga fimbo mbele, ikazama. Akapiga tena, ikagonga juu. Akavua viatu. Nikamkemea, baridi, tope, umri. Hakunisikia. Akatembea na soksi kukata ubavu, anapanda kidogo, anashuka kidogo, anapanda, anashuka.

"Maman," akaniita, ndivyo anavyoniita akiwa na neno zito. "Hapa balilimaka." Eti watu walilima hapa.

Nikadhani mlima umemchanganya. Nikageuka kuangalia alikoelekeza fimbo, na jua lilikuwa linapiga kutoka pembeni, na nikaona. Matuta. Moja, jingine, jingine, ubavu mzima, hadi bondeni. Mistari chini ya nyasi, kazi ya jembe, imepangwa kufuata mteremko kama sisi tunavyopanga. Asubuhi nilikuwa nimeyapita nikasema nyasi. Chini ya matuta kuna mawe, na sasa naona si mawe tu. Ni kuta. Mlango ulikuwa pale. Na pale. Kijiji kizima.

Nilikuwa nimeketi juu nikishukuru kwamba hakuna watu.

Papa alipapasa ukuta mpaka akapata mahali pa mlango. Akapiga salamu tena, safari hii kwa sauti ya chini, ya mtu anayeingia ndani. Akaweka sukari kwenye jiwe la kizingiti. Bia akaiweka kando yake.

"Sasa tumebasalimia," akasema. Akakaa chini nimvishe viatu.

Jumapili, 1 Juni

Nilimuuliza Morag wakati wa chai. Alijibu kwa sauti ya chini. Watu wa kilima walifukuzwa zamani, mwenye ardhi alitaka kondoo. Wakapakiwa melini, na waliojificha vilimani walibomolewa nyumba. Babu wa babu yake alikuwa mtoto wakati huo.

Nilimtafsiria Papa. Hakushangaa hata kidogo. Alimshika Morag mkono akampa pole, ile pole ndefu ya kwetu, ya msibani. Morag haelewi Kiswahili. Alilia.

Botini Papa aligeukia nyuma hadi mwisho. Nilitaka kumwambia kilima kimeshafichwa na ncha ya nchi kavu. Niliacha.

Alhamisi, 12 Juni

Papa ameamka na kuniuliza kama kumekucha. Kulikuwa kumekucha zamani, jua lilikuwa mezani.

Nilitaka kuomba ruhusa kazini. Amekataa. Amesema nimpeleke basini, akae nyuma yangu. Basi nikaenda naye, kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti.

Nimeendesha Chaussée d'Ixelles miaka kumi na moja na kwangu ni taa na msongamano. Tulipotoka Porte de Namur akasema tunashuka. Ni kweli, tunashuka. Hapa kilima kinapumzika, akasema. Hapa kinaendelea. Akafuata ubavu wote hivyo, kwa mgongo na nyayo, na kabla hatujafika chini akasema huko lazima kuna maji. Yapo. Mabwawa, na bata wake.

Kwenye kituo cha chini akainamisha kichwa mbele kidogo.

"Batu beko?"

Nikaangalia kwenye kioo. Mama na gari la mtoto, wanafunzi, mzee wa Kibelgiji na maua yake, wasichana wawili wanataniana, vichwa hadi mlango wa nyuma.

"Beko, Papa. Bamejaa."

Akaitikia kwa kichwa, akaegemea kiti. Nikafunga milango, tukaanza kupanda.