Joto ya Kwenda Kuluba

Dada yangu Halima,

Basi jirani yetu Mama Furaha akakataa mwanaume, lakini jogoo ya posa akachukua. Naendelea pale pale, maana sijui wewe ulisikia mpaka wapi. Yule fundi cherehani alisimama mlangoni na kofia mkononi, anangoja jogoo yake irudi, na Mama Furaha iko ndani anachemsha maji ya kunyonyoa. Mtaa yote ilitoka kuangalia. Mpaka leo wakikutana sokoni Arua, fundi anamuuliza kama alishiba vizuri.

Hii ndiyo nilikuwa nakuambia ndani ya gari ile siku. Umbeya yangu unaijua, haina breki.

Sasa niko hapa Kuluba kwa mama yako, nimekuja kumsaidia kupalilia mihogo. Nimekaa hapa karibu na wewe. Majani imeota juu ya kaburi yako, nimeng'oa kidogo. Watu wananiuliza, namna gani mke mwenza analilia mke mwenza mpaka leo, si angefurahi, mzee amebaki yake peke yake. Nawaacha waseme. Hawakuwa na sisi mwaka ile ya sabini na tisa, wakati serikali ilianguka na watu ya Koboko ilikimbilia Congo. Mvua ilitupiga njia yote. Mimi bibi mpya, mimba mbele kama ngoma, hata mzigo sijui kufunga. Wewe ukavua gomesi, ile gauni yako kubwa, ukanifunika, ukatembea na shimizi kama mwenda wazimu. Nikakataa, nikalia. Ukaniambia, "Nyamaza. Mzee atanidai huyu iko ndani ya tumbo. Wewe mwenyewe ukifa, ataoa mwingine." Ukacheka, na mimi nikacheka na kamasi. Hapo nikajua nimepata dada.

Halafu tukarudi, tukakaa Arua, mzee yetu akafungua gereji yake nyuma ya nyumba. Na wewe ukaanza kuumwa. Tumbo inavimba, damu inapungua, na baridi ikakushika. Jua ya Arua inakaanga mtu kichwa, wewe uko na blanketi na soksi ya mzee. Hospitali ikasema tukupeleke nyumbani. Ukasema nyumbani ni Kuluba, kwa mama, hapana hapa. Hiyo tu ndiyo uliomba. Tukakutia ndani ya pikapu yetu, mvua ya asubuhi ikaanza, tukafika Pajulu tu, mji bado iko karibu, ukawa unatetemeka mpaka meno inagongana na macho inageuka. Mzee akageuza gari.

Kufika nyumbani akafungua boneti, akaangalia, akasema, "Nitatia hita."

Mimi nilifikiri ni huzuni imempanda kichwani. Hita, ile ya kupasha gari joto ndani! Kila gari inakuja Arua, mafundi wanatoa hita, wanaunganisha paipu, kwisha. Na yetu ilikuwa ilitoboka zamani, inamwaga maji ya moto kwa miguu ya watu, mzee mwenyewe aliitupa na hakuna mtu aliiuliza. Mama Furaha akatoka na samaki yake ya chumvi mkononi, akasema, "Kwetu Congo tunaona wazimu wengi, lakini mutu wa kutia moto ndani ya gari na hii jua, huyo sijaona." Mafundi wengine wakaja kucheka pia. Mmoja akauliza kama mzee anataka kuchoma mkate ndani.

Mzee alitafuta mpaka akapata ile gari ya mwanajeshi alikimbia, imeoza nyuma ya nyumba kule Arua Hill, kuku inataga ndani ya kiti. Hita ilikuwa bado iko. Redieta ndogo, unaweza kubeba kwa kwapa kama kitabu ya dini. Akaitumbukiza ndani ya beseni, akapuliza na mdomo, mapovu ikatoka kwa kona moja, akaziba na risasi ya kuyeyusha. Akapuliza tena, kimya. Nikafikiri sasa kazi imekwisha.

Kumbe kazi iko ndiyo inaanza! Dada, unakumbuka? Ile kitu ndogo inakaa nyuma kabisa, na kuifikia lazima utoe gari yote. Akamwaga maji ya injini. Akatoa viti, akatoa usukani, akatoa dashibodi yote, waya zikaning'inia kama matumbo ya mbuzi. Wewe tulikukalisha juu ya kiti ya gari katikati ya uwanja, juani, na blanketi, kama bibi ya mkubwa anangoja dereva. Ulisema mzee atasahau waya gani inakwenda wapi. Ukaomba leso zako za zamani, ukaanza kupasua vipande. Nyekundu ya taa. Ya maua ya honi. Ya kijani ya ile mkono ya kufuta mvua. Kila waya anachomoa, wewe unasema rangi, mimi nafunga. Ukachoka, unalala kidogo, unaamka, unauliza, "Mmefika wapi?" Mzee anajibu, "Karibu." Kila mara karibu, na bado skrubu iko mahali mkono yake haiingii. Basi nikalala mgongo mimi, kichwa chini kule kwa pedeli, miguu nje, naingiza vidole, na wewe unaniambia nifunike mapaja, mafundi wanaangalia. Nikakuambia waache waangalie, bure ni bure.

Siku zilikwenda. Wewe ulikuwa unaisha na sisi tunafunga skrubu. Mzee hakula vizuri. Alipiga ngumi mlango mara moja tu, pale bolti ya mwisho ilikatika.

Tukarudisha kila kitu. Akawasha. Tukangoja. Hewa ikatoka baridi kama ya pango. Mzee akakaa chini. Alikuwa anataka kutoa dashibodi tena, nilimuona namna alishika bisibisi, na wewe ukamwita kwa sauti ndogo, ukamuuliza zamani, wakati alitupa ile hita mbovu, ile tundu ya maji kwa injini aliifanya nini. Akasimama. Alikuwa ameipigia kipande ya mti, kuziba, na mikono yake mwenyewe, halafu akasahau. Tulicheka sisi watatu mpaka ukakohoa. Akatoa ule mti, akafunga paipu, na joto ikaja. Uliweka mikono yote miwili pale inatoka.

Kesho yake asubuhi tukaondoka. Mvua inanyesha, vioo imefungwa, mzee anaendesha na singlendi, mimi jasho inanitoka mpaka ndani ya masikio. Wewe katikati, miguu nje ya blanketi. Ukasema, "Leo niko mtu tena." Ukaweka kichwa kwa bega yangu na ukaniambia nilete habari za mtaa. Basi nikaleta. Maracha, nusu ya njia, tulipita ukicheka, hiyo niko na hakika. Baada ya hapo nilikuwa naongea, nimeshika mkono yako, na mkono ilikuwa na joto. Nikaona umelala. Nikapunguza sauti lakini sikunyamaza.

Tukafika hapa. Mama yako akafungua mlango ya gari, akakushika uso, akakushika shingo. Akaniangalia. "Amelala tangu lini?"

Nikahesabu njia nyuma mpaka Maracha, nikakwama hapo. Mpaka leo nahesabu.

Mzee ndiyo anajisumbua zaidi. Anasema mkono ingekuwa baridi, tungejua, tungesimama kando ya njia, angekusomea shahada kwa sikio kama inavyotakiwa. Anasema joto yake ndiyo ilituficha. Shehe alimwambia Mungu hapimi mtu kwa hita, lakini yeye bado anauliza. Na mimi siwezi kumwambia mambo ya mwisho uliyosikia duniani ilikuwa ya jogoo ya fundi cherehani. Labda ulikuwa unataka kusema kitu, na mimi sikukupa nafasi. Mama yako, yeye hajaniuliza tena. Siku ile alikuvua blanketi, akakuosha, akasema tu kwamba miguu yako ina joto, tangu wewe mtoto mdogo hajaigusa ikiwa na joto hivi. Naishikilia hiyo maneno, dada. Usiku na mchana naishikilia, na bado inateleza.

Nilikuwa nataka kukuambia na mambo ya Rashidi mtoto wako, amepata mchumba, msichana wa...

Ngoja. Mama yako anaita kutoka jikoni. Macho yake imekwisha siku hizi na akili inakwenda, inarudi. "Halima! We Halima, mvua inakuja, ingiza mihogo ndani!" Ni mimi anaita hivyo. Zamani nilikuwa namsahihisha.

Nakuja, mama.

Mke mwenzako