Neno "Tafadhali" Lilivyochekwa Karakanani

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie. Mgongo vipi, umeikubali dawa? Mimi mzima, ila nina hasira ya kuchemsha maji bila moto.

Mwanao ameanzisha baraza la wanaojifunza lugha ya kompyuta, kila Jumamosi mchana, humu humu karakanani kwangu katikati ya mafriji. Aliponitajia lugha nilicheka. Mimi nasema lugha saba, na ya nane naongea na friji: unalikumbuka lile nililolipiga kofi moja, likagandisha hadi kisima cha jirani. Kumbe hii haisemwi, huandikwa, na mashine hutii neno kwa neno. Sharti la mpwa wangu ni moja tu: anayeuliza haombi radhi.

Basi akaja bwana mmoja tunayemwita Mtaalamu, miwani juu ya kichwa, kompyuta ndiyo kazi yake. Siku hiyo mwanagenzi mmoja, mtu mzima mwenzangu, aliandika amri yake ya kwanza maishani, mashine ikaikataa. Akauliza amekosea wapi. Mtaalamu akachungulia, akaona mtu ameanza na neno "tafadhali". Dada, alicheka mpaka akashikilia friji asianguke. Akamwambia kompyuta si mama mkwe, haibembelezwi, na wazee wa namna ile wakafundishwe kwanza kuwasha taa. Karakana nzima ikaangua kicheko. Mtu kalelewa vizuri na mama yake, leo adabu imekuwa kichekesho.

Mwanao hakucheka. Alimwambia Mtaalamu kuwa baraza ni la wanaoanza. Kama yeye alizaliwa anajua, basi amepotea njia. Kisha akasema neno lile halina kosa: ukilitangulizia alama ya reli, hii #, mashine huuruka mstari, lakini binadamu huusoma. Yule mtu aliyasikia hayo akiwa mlangoni, kofia kichwani, akaenda zake. Mwanao anampigia, hapokei. Sasa nasikia anasema bora alivunje baraza.

Ngoja nikwambie, dada. Yule mtu ni mimi. Nimetoka kwenye karakana yangu mwenyewe, hata ufunguo nikausahau. Na amri yenyewe ilikuwa mashine ikuamkie wewe, kwa jina lako la utotoni.

Mwambie asivunje kitu. Jumamosi narudi, na atakayecheka atakalishwa juu ya friji linalovuja.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo.

Mdogo wako,
Fundi Baridi

# Tafadhali, usimwambie kuwa nililia.