Nilizifuta Barua za Watu

Mpendwa Baba Mariamu,

Kompyuta yako bado inafanya kazi. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na lile lililonifanya nikuandikie, sitafika mstari wa pili.

Unakumbuka siku tuliyoitoa Kinindo? Yule bosi wako mgeni alikuwa anahama, vita vimemshinda, akakuachia mashine iliyokuwa imeshazeeka ofisini kwake. Ulipakata skrini ndani ya teksi kama mtu anayetoka na mtoto hospitali ya uzazi, mimi nimekumbatia ile skana nisiyojua hata ni ya nini. Tulipofika kwetu Buyenzi, mafundi wa gereji ya jirani waliacha injini zao wakaja kutazama. Mmoja akauliza, "Hii inashikaka televisheni ya Kinshasa?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Sikumbuki kama ulicheka tena vile mwaka ule.

Diski yake ilikuwa ndogo, ikijaa upesi. Jumapili mchana, umeme ukiwepo, ulinivutia kigoda tukaisafisha pamoja. Tulianza kwa kuondoa michezo, zikafuata nyimbo, kisha picha za milima yenye theluji alizoziacha yule mgeni. Halafu uliiamuru mashine ijipange upya, tukakaa na chai tukitazama vile viboksi vidogo vikihama kimoja kimoja kwenye skrini, huku upande wa Kinama bunduki zikilia. Mariamu alikuwa amelala mkekani. "Angalia," ulisema, "inajipangia nyumba yake." Hizo ndizo Jumapili zangu nzuri za miaka ya vita, na wakati ule sikujua kwamba ni nzuri.

Folda moja hukuigusa kamwe. Uliiita Za Watu. Humo uliweka nakala ya kila barua ya maelezo uliyowachapia waliokuwa wakitafuta ndugu zao: walioshushwa kwenye basi, waliochukuliwa kwenye vizuizi vya barabarani, waliotoka nyumbani kununua mkaa wasirudi. Familia ikiwa na picha, uliipitisha kwenye skana. Picha ndizo zilizokuwa zinakula diski, nami nililalamika. Ukanijibu, "Mama Mariamu, futa chochote, hata kazi zangu za ofisi. Hawa waache." Ulisema "hawa", kana kwamba wamekaa mle ndani.

Kisha lile bomu lililorushwa kutoka milimani likaangukia njia uliyopita ukirudi kutoka msikitini. Nikabaki na Mariamu, na mama yako, na kompyuta.

Nilianza kuwachapia wanafunzi wa chuo kikuu. Kazi haikuwa mbaya, ila mashine ilikuwa inagoma. Kila nikitaka kuhifadhi, ilinitolea maneno yale yale ya Kifaransa kwamba diski imejaa. Nilifuta kazi zako za ofisi. Nilifuta barua za utani ulizoniandikia ulipokuwa unanifundisha kuchapa kwa vidole vyote kumi; ndiyo, hata hizo. Haikutosha. Siku moja alasiri alikuwa ameketi nyuma yangu msichana anayesoma mambo ya kilimo. Mémoire yake ya kumalizia masomo, kurasa na kurasa juu ya kahawa, ilitakiwa ifike chuoni kesho yake asubuhi. Umeme ulikuwa umeshakatika mara mbili.

"Mama, tafadhali," alisema. "Ikipotea tena mi nitafanya nini?"

Nikafungua Za Watu. Nikuambie ukweli: sikukosea, nilijua ni nini. Nilijiambia kwamba kila mtu alishachukua karatasi yake, kwamba miaka imepita, kwamba wanaotafutwa wamekwisha kufa. Nikafuta folda nzima, nikaenda kwenye kapu la taka nikalimwaga nalo. Mashine ikapumua. Mémoire ikaingia yote. Niliona raha, Baba Mariamu. Nilikwenda kupika nikiimba.

Baada ya wiki chache akaja Mama Deo, yule mjane wa Nyakabiga ambaye mwanawe alishushwa kwenye basi. Alisimama mlangoni akihema.

"Mama Mariamu, wamepata watu."

Waliokuwa wanachimba msingi wa nyumba nje ya mji walikuta mifupa, na nguo ambazo hazijaoza. Mkuu wa eneo amewaita wanaotafuta ndugu zao waende kutazama, kila mmoja na maelezo ya mtu wake.

"Karatasi yangu iliungua na nyumba," alisema. "Lakini bwana wako aliniambia iko humu. Aliniuliza vyote, shati, mukanda, viatu. Nitolee tu."

Uliwauliza hivyo wote, polepole, vidole vikisubiri juu ya vibonye mpaka mama amalize kulia.

"Haiko," nilisema.

"Apana, tafuta vizuri."

"Niliifuta, Mama Deo. Mashine ilikuwa imejaa."

Hakupiga kelele. Afadhali angenitukana. Aliketi mbele ya skrini, akasema, "Basi andika tena." Nikaandika jina, umri, urefu. Tulipofika kwenye shati alikwama.

"Ilikuwa ya… Mi nilisemaka rangi gani?"

Alikuwa ananiuliza mimi.

"Nilimupa bwana wako vyote siku ile," akasema, "nikaacha kuvibeba kichwani. Vilikuwa vinaniua."

Niliipeleka mashine mpaka kwa fundi mjini. Aliihangaikia siku nzima. Pale zilipokuwa barua, aliniambia, sasa pamekaa kahawa. Halafu, bila kujua ananifanya nini, akaongeza kwamba barua zenyewe, bila picha, zingeenea kwenye disketi mbili. Nina sanduku zima la disketi kabatini. Uliliacha wewe.

Nilimsindikiza Mama Deo. Nguo zilikuwa zimetandazwa juu ya turubai la plastiki, karibu na mifupa, na watu walikuwa wanapita kimya wakisoma karatasi zao. Yeye hakuwa na cha kusoma. Alizunguka mara tatu. Akasimama kati ya mikanda miwili, akaitazama, akageuka kunitazama mimi kana kwamba ningemsaidia. Mwisho akanyoosha kidole.

"Ni huyu."

Njiani kurudi nilimuuliza kama ana hakika.

"Sijui," alisema. "Nimechoka, Mama Mariamu. Nami nataka kuzika mutoto wangu kama wengine."

Tulimzika Jumamosi. Tulimzika Deo, au tulimzika mtoto wa mama mwingine, ambaye huenda bado anatembea mjini na maelezo kamili mkononi, shati mpaka kamba za viatu, akiambiwa mahali pote kwamba hayupo. Hilo ndilo haliniachi. Na wale wengine wa folda ile siwezi hata kuwafuata niwaambie, maana majina yao na mahali wanapokaa vilikuwa mle mle. Nangoja wabishe hodi. Kila hodi sasa inanishtua.

Mama yako ananiambia mtu mwenye mtoto wa kulisha hana kosa. Wewe usingesema hivyo. Wala usingenigombeza. Ungevua miwani, ukaipangusa kwa ncha ya shati, ukanyamaza. Ninaogopa unyamavu wako huo mchana kutwa, nikiwa nimekaa mbele ya skrini yako, nikichapa kazi za watu wengine.

Kesho nakwenda tena makaburini. Mama Deo amenunua msalaba wa mbao na kopo la rangi nyeusi, akaniuliza kama mwandiko wangu unasomeka. Nikamwambia unasomeka. Kwa hiyo ni mimi, mjane wa Kiislamu wa Buyenzi, nitakayeandika jina la Deo juu ya mtu ambaye hakuna anayemjua. Nitaliandika kwa herufi kubwa, polepole, bila kukosea hata moja.

Mwenyezi Mungu akupe huko nafasi pana kuliko ile niliyowanyima watu wako.

Mkeo,
Mama Mariamu