Maksai Wanaisikia Sauti Yangu

Kauthar, upo? Bado nina hasira.

Wale watu wa tangazo la mbegu wamekuja leo hapa Busawe. Si walisema wanamtaka mkulima? Nikatoka na maksai wangu na plau.

Mkubwa wao akanitazama juu mpaka chini. "Dada, vaa hili gauni. Shika sahani ya ugali, mtabasamie mumeo akilima." Mume! Kijana wa kukodi kutoka Mwanza, anashika plau kama ameshika nyoka!

Gauni limenibana mpaka najionea kinyaa. Eti geuka. Eti inama kidogo. Mbegu gani inauzwa kwa makalio yangu?

Sasa maksai wakamgomea mume wangu huyo. Mkubwa akaniambia, "Wewe waite tu watembee, sauti yako tutaifuta baadaye."

Tutaifuta! Kanitamkia usoni, Kauthar. Tutaifuta!

Unanijua, mimi kubishana na mtu siwezi. Sikuwaita maksai tu. Wakawabembeleza, wakawafokea, wakawachapa fimbo. Maksai hawakusogea hata hatua, na bila kulima hakuna tangazo.

Walipochoka wakafungasha kamera zao. Gari lilipopotea ndipo nikawaita maksai kwa majina yao, tukamaliza shamba.