Mume Wangu Asema Siku za Melini Hazihesabiwi

Bi Madino, pokea salamu zangu, na kama salamu zenyewe zina ukali usinishangae, kwa maana nakuandikia na hasira niliyo nayo tangu Februari hii ya 1997. Naomba unisaidie, na naomba jina langu ulichape kama lilivyo, usiniite "msomaji wa Garissa" wala "mama aliyeudhika". Mimi ni Nurto, nakaa Waberi, nauza vitambaa na mitandio sokoni, na mambo haya mtaa mzima unayajua, kwa hiyo sina cha kuficha.

Mume wangu ni Rage, mfanyabiashara wa mbuzi. Wake zake ni wawili, mimi mkubwa na Ruweyda mdogo, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, na zamu zetu ni siku tatu tatu, na sijawahi kulalamika, hata mwaka jana Rage aliposhikwa na malaria akiwa kwangu, akatetemeka zamu yangu yote nikimkanda kwa kitambaa cha maji, akapata nafuu asubuhi ile ile ya kuondoka, akavaa kanzu safi akavuka barabara kwenda kwa mwenzangu akiwa mzima kama hakuna kilichotokea, nilinyamaza, nikasema zamu ni zamu.

Sasa huyu Rage ana mteja wake Mombasa, tajiri mmoja anayepeleka nyama kwenye meli za watalii, na huyo tajiri alifurahishwa na mbuzi alioletewa hata akampa Rage zawadi ya nafasi za watu wawili ndani ya meli, kutoka Mombasa mpaka Shelisheli na kurudi, zaidi ya wiki moja, na siku nyingi zikiwa za bahari tupu. Nikuulize, Bi Madino, hao mbuzi walinenepeshwa na nani? Walikuwa wamefungwa uani kwangu! Ukame huu umekausha kila kitu, mfereji hautoi hata tone, ninanunua maji ya mkokoteni wa punda, nawachania mbuzi makatoni ya dukani wapate cha kutafuna, najinyima maji mimi na watoto wangu ili mbuzi wa Rage wafike Mombasa wakiwa wanatembea kwa miguu yao.

Siku aliyoleta habari ya meli nilikuwa nachagua mchele. Akasimama mlangoni akasema, "Nurto, iko meli. Mmoja wenu anaenda na mimi." Mimi nikacheka, nikamwambia, "Mimi mtoto wa jangwa la Elwak nipande juu ya maji? Peleka samaki wenzako." Akasema "Haya," akaenda zake. Ulikuwa mzaha! Mtu akikutania si unamrudia umuulize tena? Hakurudi. Nilichokiona baadaye ni Ruweyda amekuja kuniaga na mkoba mpya begani.

Waliondoka, mimi nikabaki na ukame. Mbuzi wangu wa maziwa alikufa, mtoto wa mwisho akaharisha, nikawa nalala na kuamka nikifikiria dumu la maji. Waliporudi kutoka Mombasa, Ruweyda alinikuta kwenye mkokoteni nikigombania foleni na wanawake wenzangu, akaniambia mbele yao, "Abaayo, dada yangu, hiyo bahari inachosha, wallahi. Unaamka, maji. Unalala, maji. Mimi nimechoka kuona maji." Bi Madino, alichoka kuona maji! Nilikuwa na dumu mkononi na ningemmwagia pale pale, ila maji yenyewe nilikuwa nimeyanunua.

Akaendelea kunihesabia taabu zake, eti alitapika siku ya kwanza, eti nyama yao hakuijua imechinjwaje hivyo alikula mkate na mayai tu, eti wazungu wamelala juani nusu uchi naye akakaa chumbani na buibui lake akitazama dirisha dogo la duara, eti meli ikigeuka na kibla kinageuka, na hakuna mtu wa kuzungumza naye maana Rage alikuwa amelala. Jioni akanitumia vijisabuni vya melini vyenye harufu ya maua. Nilivirusha ng'ambo ya barabara vikaangukia mlangoni kwake.

Hayo yote ningeyameza. Lakini Rage aliporudi nilimwambia kwa upole kabisa, sasa siku ulizokaa na mwenzangu, na mimi nipe zangu. Akanijibu, "Ile ilikuwa safari. Safari ni mashaka, haihesabiwi. Muulize Ruweyda kama alipumzika." Nikaenda kwa adeer yake, yaani ami yake, Mzee Kerrow, ndiye anayeamua mambo ya ukoo wao, akafikiri, akanywa chai yangu, akasema, "Kama walistarehe huko, Rage anadaiwa. Kama walitaabika, hakuna deni." Basi tangu siku hiyo Waberi nzima imegeuka mahakama, sokoni wanabishana, kwenye mkokoteni wanabishana, huyu anasema mtu anayepikiwa na kutandikiwa kitanda amepumzika, yule anasema kukaa siku nzima bila kuona hata mbuzi ni adhabu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona bahari!

Halafu juzi nilisikia kwa masikio yangu. Kibanda changu cha vitambaa kimegusana mgongo na hoteli ya chai, katikati ni bati moja tu. Rage alikuwa anawahadithia wanaume wenzake, "Wallahi, kule mtu anakunja taulo mpaka inakuwa bata. Unakula, unalala, unakula. Hakuna simu, hakuna mbuzi, hakuna mwanamke wa kukuuliza kitu. Hiyo ndiyo maisha." Sikuvumilia. Nilizunguka nikaingia hotelini mbele ya wanaume wote, nikamwambia, "Rage, hiyo mashaka yako iko na taulo ya bata?" Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, hata zamu zangu za kawaida, anasema nimemvunjia heshima.

Nimeshafunga mizigo. Idi ikipita nitapanda lori la kwenda Elwak kwa kaka yangu na watoto wangu, na talaka aniletee huko huko. Lakini kabla sijaondoka nataka jambo moja. Wewe umesikia ya watu wengi. Sema wazi kwenye gazeti, siku za baharini melini ni za kupumzika au ni za kuchosha? Nitaikata hiyo karatasi nimpelekee Mzee Kerrow nimbandikie mlangoni.

Nurto, Waberi, Garissa

BI MADINO ANAJIBU

Nurto, jina lako nimelichapa kama ulivyotaka, kwa kuwa ulishalipaza mwenyewe hotelini. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikamkasirikia mumeo. Nikaisoma mara ya pili nikakukasirikia wewe. Vumilia, nitawapa kila mmoja haki yake.

Swali lako kuhusu bahari silijibu. Nikisema inapumzisha, Ruweyda atalia kwamba mimi sikutapika. Nikisema inachosha, Rage atalikata gazeti hili kabla yako. Hilo swali umewekewa na wanaume wawili ili ulizunguke kama punda wa mkokoteni, nawe umelizunguka, ukauvuta na mtaa mzima nyuma yako. Aibu iko wapi? Mwanamke aliyebeba ukame mabegani anashinda akibishana kama mto wa melini ulikuwa laini!

Jibu lako umeliandika mwenyewe halafu ukalipita. Rage alipokuwa na malaria kwako, ulistarehe? Ulikesha ukimkanda. Ile zamu ulilipwa? Hapana. Ulisema zamu ni zamu, na ulisema kweli. Basi kama usiku wa homa ulikuwa wako, usiku wa kutapika ni wa Ruweyda. Zamu haipimwi kwa raha wala kwa karaha. Mume alikuwa chumbani kwa nani? Hilo ndilo linaloulizwa. Mzee Kerrow ana umri wa kulijua hilo, na sijui alikuwa anatafuta nini kwenye chai yako.

Rage naye ananichefua. Meli ile ile haiwezi kuwa pepo akiwa hotelini na kuwa mashaka akiwa mlangoni kwako. Hilo neno la mashaka ya safari amelichukua kwa watu wa dini akaacha lililotangulia. Mwenye wake wawili akitaka kusafiri na mmoja, hupiga kura mbele yao. Kura ikishapigwa, aliyeangukiwa anabeba shida za njiani, naye aliyebaki hadai. Ndivyo nilivyofundishwa. Rage alipiga kura lini? Alisimama mlangoni, akarusha neno, akaokota mzaha wako akaenda nao kama risiti. Mtu aliyeruka kura hana mashaka ya kujifunika. Na awalipie pia wale mbuzi angalau kwa neno la shukrani, maana tiketi ile ilitoka uani kwako.

Sasa zamu yako ya kukemewa. Dada yangu, ulitaka kubembelezwa. Usikatae, iko kwenye barua yako, umeandika kwa uchungu kwamba hakurudi kukuuliza tena. Ulitaka kwenda! Ulikuwa na hamu ya kuiona hiyo meli kuliko Ruweyda, ukaifunika kwa kicheko, ukangoja mume mwenye kichwa cha mbuzi aifunue. Waume hawafunui. Wengi wao hawajui hata kwamba kuna kitu kimefunikwa. Kwa hiyo Rage akisema kwamba ulikataa, atakuwa na kipande kidogo cha ukweli mdomoni, na kipande hicho ulimpa wewe.

Ruweyda amekukosea nini? Alizungumza upuuzi kwenye foleni ya maji, ndiyo, ulimi wake hauna akili. Lakini msichana huyo alikaa siku nyingi chumbani peke yake akitazama dirisha dogo huku mume wako, na wake, anakoroma. Aliporudi, mtu wa kwanza aliyetaka kumweleza ni wewe. Wewe ukamrushia sabuni. Umesahau kwamba ndiye shahidi wako pekee anayejua kuwa kura haikupigwa, na umemfukuza kabla hujamwita.

Na lile la hotelini, nimecheka, sikatai. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu akachungulia. Lakini ulipata kicheko cha wanaume, ukapoteza zamu. Biashara hiyo hata Rage asingeifanya.

Fanya hivi. Mizigo ifungue leo, usingoje Idi. Ukipanda lori la Elwak, habari itakayobaki Waberi ni kwamba Nurto alimtukana mume akakimbia, na siku zako zitabaki barabarani na vumbi. Haki hudaiwa mtu akiwa nyumbani kwake. Kesho vuka barabara, umsalimie Ruweyda, umwombe radhi kwa sabuni. Kaa, msikilize habari za bahari mpaka azimalize, hata ukikereka. Kisha muulize swali moja tu, kama kura ilipigwa.

Halafu mwachie Mzee Kerrow chai yake. Nenda kwa kadhi, yupo hapo hapo Garissa, na Rage aitwe. Mimi ni mwandishi wa gazeti, yeye ndiye mwenye kuamua. Ukifika kwake usitaje taulo, usitaje bata, usitaje kitanda. Sema, "Alisafiri na mwenzangu bila kura. Na sasa amesusa hata zamu zangu za kawaida." Mzaha wako uungame mwenyewe kabla Rage hajausema, maana ukitoka kwenye mdomo wake utakuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Kisha nyamaza. Najua kunyamaza kwako ni kazi, lakini jaribu. Kumsusia mke zamu zake kwa sababu wanaume walicheka hotelini, hilo Rage hatapata wa kumtetea, na akija kwako kukuomba radhi, nawe mwombe yako kwa lile la mbele ya watu, mlango ukiwa umefungwa.

Kadhi akikupa siku zako, zipokee bila kwenda kuzitangaza kwenye mkokoteni wa maji. Mpikie Rage, muulize na yeye aliona nini huko baharini. Hujamuuliza hata mara moja. Barua nzima hakuna mahali umeandika kwamba ulimuuliza.

Na safari ijayo, iwe ya meli au ya lori la mbuzi mpaka Takaba, kura ipigwe mbele yenu nyote wawili. Ikikuangukia wewe, Nurto, usimtaje samaki. Chukua mkoba wako upande. Ukichoka huko, choka, na ukitapika, tapika. Siku hizo zitakuwa zako.