Niliihamisha Sensa kwa Siri, Kaka Akaomba Radhi

Shangazi wa ukurasa huu, naomba msaada wako, maana nikimwambia mtu wa karibu naona undugu utakufa na nikinyamaza nitapasuka. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, fundi katika gereji ya kaka yangu, yeye ndiye aliyenifundisha kazi tangu nikishika spana kwa mikono miwili, na wateja wanamwita Daktari.

Mwezi uliopita mkunga mmoja, mama mtu mzima anayezunguka zahanati za milimani, alituletea gari lake tulifungie turbo, ile pampu inayoshindilia hewa kwenye injini ipate nguvu, kwa sababu injini ilikuwa inazidiwa na vilima. Kaka akafunga kila kitu vizuri, ikabaki sensa moja ndogo kama kidole, ile inayopima joto la hewa inayoingia kwenye injini ili kompyuta ya gari ijue imwage mafuta kiasi gani na plagi ziwake lini, naye akaipachika mbele kabisa, kwenye kichujio cha hewa, kabla hewa haijafika kwenye turbo. Nikamwambia, "Kaka, hapo itapima hewa ya nje, na turbo ikiishindilia hewa inaichemsha, kompyuta itadanganyika." Akasema mbele ya mafundi wote, "Hewa hupimwa mlangoni, mdogo wangu. Au siku hizi mwanafunzi ndiye anayeshika chaki?" Wakacheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa natokota.

Kesho yake kaka alipotoka kufuata vipuri nikalijaribu gari kwenye mwinuko, na kweli injini ikawa inagonga, ko-ko-ko, nikaogopa pistoni zitatoboka, basi badala ya kumngoja aje asikie kwa masikio yake, nikaing'oa ile sensa, nikatoboa manifoldi, kile chuma chenye matawi kinachogawa hewa kwenye silinda, nikaipachika huko, nikaziba tundu la mwanzo na waya nikaupitisha chini asiuone. Nikajaribu tena asubuhi kukiwa na ubaridi, injini kimya, nikajiona nimeshinda.

Siku ya tisa tangu achukue gari lake, saa nane mchana, mkunga alikuwa anapanda kilima nyuma ya lori la mawe linalotambaa, akaona njia iko wazi akatoka kulipita, na katikati gari likaishiwa nguvu, anakanyaga halina habari, mbele likachomoza basi, akaona bora mtaroni kuliko kugongana uso kwa uso. Amevunjika bega, Shangazi, bega la mkono anaopokelea watoto.

Tulikwenda hospitali mimi na kaka, na kabla hajaulizwa lolote akasema, "Mama, kosa ni langu. Sensa niliiweka pabaya. Huyu mdogo wangu alinionya, nikambishia."

Mkunga akanigeukia mimi. "Ungesikilizwa wewe, binti, nisingekuwa kitandani."

Nikasema, "Pole, mama." Nikatoka nje nikajifanya naongea na simu.

Tangu siku hiyo kaka hafungi turbo ya mtu yeyote, wifi yangu anasema chakula anakichezea tu na kijiko, na gerejini hata kwa kubadilisha mkanda wa feni ananiuliza, "Wewe unaonaje?", jambo ambalo nililitamani miaka kumi na sasa likinifikia sikioni nataka kukimbia. Gari bado liko kituo cha polisi, litavutwa kuja kwetu Jumamosi, akifungua boneti tu atajua, na kusema ukweli nimewaza niwahi huko kituoni na bisibisi nikairudishe sensa pale alipoiweka yeye. Nifanyeje? Na sensa hii mahali pake ni wapi hasa, maana hata hilo sasa sina uhakika nalo?

Mimi, Fundi Mdogo

JIBU

Mwanangu, nakupa pole, na pole nyingine mpelekee mkunga. Kisha weka hiyo bisibisi chini. Ukiigusa sensa hiyo kabla kaka yako hajaiona, utakuwa umeacha kukosea na umeanza kudhulumu. Tena ni gari la ajali lililo mikononi mwa polisi; unataka kulala ndani?

Mimi ya magari siyajui, kwa hiyo nilimtafuta fundi aliyezeekea kwenye turbo nikamsomea barua yako. Kasema mlikosea wote wawili. Kaka yako alipima hewa kabla haijapashwa moto, kompyuta ikadhani hewa ni baridi, ndiyo maana injini iligonga. Wewe ukaichomeka kwenye chuma kinachokaa juu ya injini. Asubuhi kweli ilitulia. Lakini kwa kutambaa nyuma ya lori mchana wa jua, chuma kile kiliiva, sensa ikapima joto la chuma badala ya joto la hewa, na kompyuta ikakata nguvu kuiokoa injini. Mwenye gari hakuna aliyemwokoa.

Mahali pake, anasema, ni baada ya intakula, lile rejeta linalopoza hewa iliyotoka kwenye turbo, kwenye bomba la kuelekea injini, karibu na pale hewa inapoingia kwenye injini lakini isishike chuma cha moto. Ikae kwenye kipande cha plastiki au mpira mgumu, ncha yake iwe katikati ya hewa inayopita. Bomba litobolewe likiwa limeshafunguliwa kutoka kwenye gari, vumbi lisije likanywewa na injini. Kisha gari lijaribiwe likiwa limechemka, kwenye foleni na kwenye kilima, si alfajiri wewe peke yako ukijipigia makofi.

Hilo la sensa ni jepesi. La kaka yako ndilo zito. Alikukejeli mbele ya watu, alikosa, na ulikuwa na haki ya kuumia. Ila mtu huyo huyo amesimama mbele ya mgonjwa akakusifu na kujishusha, na wewe ukaipokea sifa. Unamwona hali chakula, unanyamaza. Hapo, mwanangu, sikuonei huruma hata kidogo.

Mwite pembeni, wifi yako awepo. Anza hivi: "Sensa niliihamisha mimi." Usiweke "lakini" baada yake, ya injini kugonga atakuuliza mwenyewe. Kisha mwende wote hospitali, na safari hii useme wewe. Mkunga akikufukuza, toka, na kesho yake rudi uulize zahanati zake nani anazipelekea dawa mpaka bega lipone. Gereji ina magari; toeni moja, uendeshe wewe. Na polisi waambiwe ukweli huo huo.

Nilipiga mara tatu ile namba uliyoandika nyuma ya bahasha, hukupokea. Nimebadilisha mambo machache usitambulike, lakini kaka yako ni fundi, kazi ya mkono wake ataijua hata kwenye maandishi, na gazeti hili linasomwa gerejini kama linavyosomwa kwingine. Kama umenisoma kabla yake, usimalizie ukurasa. Nenda.